Kilo Zimerudi Baada ya Kukatwa Tumbo: Acha Kujificha na Sanamaki

Mimi ni muuguzi hapa Tanga mjini. Miaka ya nyuma kliniki yetu ilikuwa ya sukari na presha tu. Siku hizi wapo pia waliofanyiwa upasuaji wa kupunguza mwili, wengine hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, wengine India, kisha wakarudi kwao Ngamiani, Makorora au Muheza. Mwaka wa kwanza tunaonana nao kila mara. Wanakuja magauni yamewalegea, wanacheka, wanataka kupimwa uzito hata kabla ya salamu. Mwaka wa tatu hawaonekani. Nikikutana nao ni sokoni Mgandini, na mtu akiniona anainamia fungu la nyanya kana kwamba hajawahi kuona nyanya maishani mwake.

Najua kwa nini. Mwili umerudi. Na wengi wao wakija hatimaye, hawaji kwa sababu ya mwili. Wanaletwa.

Huo upasuaji ni upi hasa?

Unaofanyika sana ni wa namna mbili. Kwenye sliivu, robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi inaondolewa, unabaki mwembamba mfano wa ndizi. Kwenye baipasi, mfuko unagawanywa, kinabaki kijifuko cha kama mililita 30 ambacho huunganishwa na utumbo kwa chini, kwa hiyo chakula kinaruka njia ndefu. Puto linalowekwa tumboni si upasuaji. Linaingizwa, linakaa miezi sita au zaidi kidogo, linatolewa. Likishatoka, tumbo ni lile lile ulilokuwa nalo.

Kwani mwili haukutakiwa kuisha moja kwa moja?

Hapana, na aliyekuambia hivyo hakukutendea haki. Wengi hufika uzito wao wa chini kabisa kati ya mwaka mmoja na miwili, kisha kilo kadhaa hurudi. Mwili haupendi kupungua. Njaa ambayo mwaka wa kwanza ilikuwa kama imekufa, inafufuka. Aliyeshuka kutoka kilo 128 hadi 79 akasimama kwenye 83, huyo hana tatizo, aende akale samaki wake. Akifika 88 na bado inapanda, huyo ninamtaka kliniki wiki hii, asisubiri Idi ipite.

Si tumbo limeachia kwa ndani? Niliinua ndoo ya maji nikahisi kitu kinavutika.

Ndoo haifungui mshono wa miaka mitatu. Mfuko hutanuka kiasi kwa kila mtu, na zipo sababu chache za ndani ambazo daktari atazitafuta kwa kipimo akiona haja. Lakini karibu kila ninayekaa naye tukahesabu alichoingiza mdomoni jana, jibu tunalipata kabla hatujafika jana usiku.

Mbona mimi sili? Nakula sahani ya mtoto.

Nakuamini. Sahani ya mtoto ni kweli. Tatizo liko katikati ya sahani na sahani.

Mfuko mdogo unakataa kipande kikubwa cha nyama, unakataa ugali wa kushibisha. Lakini haukatai kitu kinachoteleza. Chai ya maziwa inateleza. Soda inateleza. Juisi ya miwa, uji wa sukari, aiskrimu, biskuti zilizochovywa kwenye chai, vyote vinapita kama maji mferejini na tumbo halisemi neno. Mama mmoja aliniapia kwamba anashiba kwa vijiko vinne vya wali. Tukahesabu chai: vikombe vitano kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu vya sukari. Hivyo ni vijiko kumi na tano, gramu 60 hivi, sukari tupu, na maziwa sijayagusa. Soda moja ya mililita 350 nayo ina kama vijiko tisa. Halafu kuna kashata ya saa nne, kitumbua kimoja cha kuonja, bajia mbili za jioni kwa sababu muuzaji ni jirani na si vizuri kumpita. Huku ndiko kudonoadonoa. Kuku akidonoa kutwa, jioni amejaa, na hakuna aliyemwona amekaa mezani.

Kosa la pili ni kunywa wakati wa kula. Maji yanakisukuma chakula kitoke mfukoni mapema, nafasi inapatikana, unaongeza. Kula kwanza, taratibu, kwa nusu saa ukipenda. Kisha subiri nusu saa nyingine ndipo unywe.

Sasa nile nini huku Tanga, au ninunue yale makopo ya unga wa protini?

Makopo ya nini na bandari unayo? Lengo ni gramu 60 mpaka 80 za protini kwa siku. Kipande cha samaki cha gramu 100 kina kama gramu 20. Yai moja, 6. Maziwa mgando yasiyotiwa sukari, kunde, choroko, dagaa, pweza aliyeiva akalainika. Anza na hivyo kila mlo, mboga zifuate, wali au muhogo uje mwisho kama nafasi imebaki. Tui si haramu, lakini mihogo ya nazi yenye tui zito ni mlo wa mafuta, usiihesabu kama mboga. Na vitamini ulizoandikiwa ni za maisha, si za chupa ya kwanza.

Nilipopungua mawifi walisema nimeanza kuumwa, nina "ule ugonjwa". Nikaongeza kula makusudi. Nilikosea?

Hili nalisikia mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Huku kwetu mwanamke akinenepa ametunzwa, akikonda kuna jambo. Mume anaulizwa msikitini kama mkewe ni mzima. Mama mkwe analeta sinia la boko boko lililoelea samli, kwa upendo kabisa, na kulikataa ni kuvunja udugu.

Hukukosea kuumia. Ulichokosea ni kunyamaza. Mlete mmoja wao kliniki, yule mwenye sauti kubwa zaidi. Nimewahi kukaa na wifi wa namna hiyo nikamwonyesha sukari ya mwenzake kabla na baada ya upasuaji. Tangu siku hiyo yeye ndiye anayewafukuza watu wa masinia.

Kabla ya kuja kliniki, nijisafishe kwanza na sanamaki wiki mbili?

Hapana.

Kidogo tu, ile ya pakiti, ya "kukata tumbo"?

Hapana. Sanamaki inaharakisha choo. Inachotoa ni maji na chumvi za mwili, mafuta inayaacha pale pale yalipo. Mizani itashuka kilo mbili, utafurahi, ukinywa maji zinarudi. Wakati huo potasiamu imeshuka, misuli inalegea, moyo unapiga ovyo. Na wewe si kama jirani yako anayeinywa, maana mwili wako tayari unapata vitamini kwa shida.

Lakini ni mti, si kemikali.

Hata mnyonyo ni mti. Hapana.

Basi nisile kabisa siku tatu nne, tumbo lijikunje tena.

Mfuko wa chakula haujikunji kwa njaa. Kinachoisha ni misuli, na misuli ndiyo inayochoma mafuta. Siku ya tano utakula kwa hasira, na kitakachopita haraka ni kile cha kuteleza. Tumerudi kwenye soda. Hapana, na ukiniuliza tena jibu ni hilo hilo.

Nikitapika kila nikila, si afadhali? Angalau napungua.

Hapa naomba uketi tuelewane, maana hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Kutapika si kupungua. Narudia: kutapika si kupungua. Nimeona watu waliorudisha mwili wakaanza kula haraka bila kutafuna, wakatapika, wakaipenda hali hiyo. Wanaiita "tumbo limekumbuka kazi". Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hawamwambii mtu, kwa sababu gauni limeanza kulegea tena.

Mwilini kuna vitamini B1. Akiba yake ni ya wiki chache tu, na mtu anayetapika kila siku haingizi mpya. Ikiisha, mishipa ya fahamu na ubongo vinaumia. Mgonjwa anaona vitu viwiliviwili. Anayumba kama mlevi na hajanywa. Miguu inakufa ganzi. Anasahau, anachanganyikiwa, na ndugu wanasema amechezewa, wanampeleka kwa mtaalamu huko Pangani au Maramba wiki nzima. Akichelewa, kumbukumbu na mwendo vinaweza visirudi tena. Kwa sindano za B1 zilizotolewa mapema angepona.

Nitapike siku ngapi ndipo nije?

Ukishindwa kubakisha hata maji kwa siku moja, njoo siku hiyo. Ukitapika karibu kila siku kwa siku tatu, njoo, hata kama unajisikia vizuri. Ukiona viwiliviwili, ukiyumba au ukichanganyikiwa, usije kliniki kwangu, nenda hospitali ya mkoa, Bombo, sasa hivi, saa nane ya usiku iwe saa nane ya usiku.

Si nikatundikiwe dripu tu kwenye zahanati ya mtaani?

Ukifika popote, neno la kwanza liwe: "Nilifanyiwa upasuaji wa tumbo na ninatapika." Dripu ya sukari ikiingia kwa mtu aliyeishiwa B1 bila kupewa B1 kwanza, inaweza kumharibu zaidi. Anayekutundikia hawezi kulijua hilo kwa kukutazama usoni, na kovu za siku hizi ni ndogo, zimejificha chini ya khanga. Mwambie. Kama huwezi kusema, aliyekuleta aseme. Kwa hiyo lazima mtu mmoja nyumbani ajue, hata kama ukoo mzima uliuambia ulikwenda kutibiwa vidonda vya tumbo.

Ramadhani nifunge?

Ukiwa bado mpya, mwaka wa kwanza hasa, usianze kabla ya kuzungumza na daktari wako. Ukiwa mkongwe, kufunga kwenyewe si tatizo kubwa kama kufuturu. Tende sita, uji, tambi za sukari na kaimati kwa pamoja si futari ya mtu mwenye mfuko wa ndizi. Wa baipasi atatokwa jasho, moyo utamwenda mbio na tumbo litafunguka kabla ya Tarawehe.

Magoti yameanza tena kuuma kwa uzito. Diklofenaki naruhusiwa?

Usinunue diklofenaki wala ibuprofeni dukani, na wa baipasi ndio kabisa. Zinaleta vidonda pale ulipounganishwa. Panado unaweza. Choo kikiwa cheusi kama lami, hospitali siku hiyo hiyo. Na sigara, bwana, hiyo hatuijadili.

Inawezekana ni dawa ninazotumia ndizo zinazoninenepesha?

Inawezekana. Prednisoloni, insulini, baadhi ya dawa za akili, na kwa wengine sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu. Usiache yoyote kwa uamuzi wako, zilete zote tuzipange. Wa baipasi waelewe pia kwamba vidonge vya uzazi wa mpango huenda visifyonzwe vizuri, kwa hiyo njia nyingine ni salama zaidi.

Zile sindano mpya za kupunguza mwili je?

Semaglutidi na ndugu zake zinawasaidia baadhi ya watu waliorudisha mwili, zikiandikwa na daktari anayejua ulifanyiwa nini. Ukiacha, njaa inarudi. Zinazouzwa kwa WhatsApp, zimefungwa kwenye gazeti, hazijakaa kwenye friji na hujui ndani kuna nini? Naona nimeshajibu.

Nirudie upasuaji?

Wapo wanaostahili, kwa mfano kutoka sliivu kwenda baipasi. Lakini daktari atakuuliza kwanza kuhusu chai.

Naona aibu. Nilitumia hela ya kiwanja, watu walichanga.

Najua. Aliyekunja viganja kwa aibu mbele yangu si wewe wa kwanza, na hela ya kiwanja nimeisikia zaidi ya mara moja. Lakini nisikilize vizuri. Unene ni ugonjwa unaorudi, kama presha. Mwenye presha ikipanda tena hatumwambii "si ulishatibiwa?" Tunamwongezea matibabu. Ukija kilo tano zimerudi, kazi yetu ni ndogo: tunaangalia chai, usingizi, dawa, tunapima damu na vitamini, tunakupangia mwendo wa nusu saa siku tano kwa wiki. Tanga hii ya baiskeli, Raskazone jioni kuna upepo, sioni kisingizio. Ukija kilo ishirini na tano zimerudi, na sukari imerudi nazo, kazi inakuwa kubwa. Na ukiletwa umebebwa baada ya mwezi wa sanamaki na matapishi, hapo mizani hatuigusi kabisa.

Nije na nini?

Karatasi za upasuaji kama unazo, dawa zote unazokunywa, na ukweli wa siku tatu za mwisho, kijiko kwa kijiko. Ile pakiti ya sanamaki iliyobaki kabatini nayo ilete. Sitakugombeza. Nina ndoo ya taka chini ya meza.