Korosho za Idd hazina lehemu

Kila Idd hapa Ngamiani, Tanga, sinia la korosho na kashata likifika barazani, hakosi wa kumwambia mzee: "Baba, una presha, korosho zina lehemu." Mzee anabaki na kahawa chungu. Anaonewa.

Lehemu ya kwenye chakula (kolesteroli) hutoka kwa wanyama: nyama, kiini cha yai, samli. Korosho na karanga ni mimea. Mafuta yamo, tena karibu nusu ya uzito wake, lakini mengi ni yale yasiyoganda. Ukiyala badala ya samli, lehemu mbaya kwenye damu hupungua. Huko Hispania, utafiti uliochapishwa 2013 na kusahihishwa 2018 uliwapa watu walio hatarini kupata ugonjwa wa moyo gramu 30 kwa siku za lozi na kokwa nyingine (korosho hazikuwamo), pamoja na mlo wenye mboga na samaki. Kiharusi kilipungua.

Cha kumhofia mzee wa presha ni chumvi ya kukaangia. Kashata nayo ni sukari, mwenye kisukari aonje tu. Na karanga yenye ukungu itupwe: sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki yote kwa kukaangwa.