Je, wajua kwa nini wamisionari wa Mormoni hawatembei peke yao?

Vijana wawili wenye mashati meupe na tai, kibao cheusi chenye jina kifuani, baiskeli mbili, helmeti mbili. Wakikatiza mtaani, iwe Manila, São Paulo au Accra, hakuna anayehitaji kuambiwa ni akina nani. Kinachowashangaza watu ni idadi yao. Sokoni wapo wawili. Kwa kinyozi mmoja ananyolewa, mwingine kakaa kwenye benchi akimsubiri. Mmoja akishikwa na homa, mwenzake mzima wa afya naye anashinda ndani, maana hana ruhusa ya kutoka peke yake. Kwa nini?

Ukiuliza watu utapewa majibu mawili. La kwanza ni usalama: vijana wageni, mji wasioujua, milango ya watu wasiowajua, heri wawe wawili. La pili husemwa kwa kushusha sauti: wamewekwa wachungane, kila mmoja askari wa mwenzake, asije mtu akachepuka kwenda kuonana na binti. Majibu yote mawili yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayoyafanya yadumu. Ila yakipimwa kwa utaratibu wenyewe wa kazi yao, yanaacha nje jambo kubwa kuliko lile yanaloeleza.

Kwanza tuwajue kidogo. Kanisa lao ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililoanzishwa na Joseph Smith jimboni New York tarehe 6 Aprili 1830; makao makuu yake yako Salt Lake City, Utah. Tangu 2018 viongozi wake wamesisitiza litajwe kwa jina kamili na neno "Mormoni" liachwe, lakini wasomaji wengi hawalijui kwa jina jingine. Wavulana hutumika miezi 24, wasichana 18. Hawalipwi mshahara. Wao na familia zao ndio wanaochangia, na kwa Wamarekani mchango umekuwa dola 500 kwa mwezi tangu 2020, sawa kwa wote, awe amepelekwa Tokyo penye maisha ghali au kijijini Guatemala. Wasio na uwezo husaidiwa. Hakuna anayechagua nchi, na hakuna anayechagua mwenza, yaani mmisionari anayepangiwa kuishi na kufanya kazi naye. Wala wasichanganywe na Mashahidi wa Yehova, ambao nao hubisha hodi wakiwa wawili lakini walio wengi jioni hurudi kwao, kwa familia na kazi zao.

Sasa turudi kwenye usalama. Kanuni inawataka wenza wawe mahali wanapoonana na kusikiana wakati wote, isipokuwa faragha ya bafuni na mahojiano na kiongozi kama rais wa misheni, yaani mkuu wa wamisionari wote wa eneo hilo. Hulala chumba kimoja, vitanda tofauti. Kama hofu ingekuwa barabara tu, kanuni ingeishia mlangoni. Hii inaingia ndani, inakaa nao mezani, inawafuata hadi kwenye siku yao ya kufua nguo. Tena haibagui: mji mtulivu ambao watu hulala madirisha wazi una kanuni ileile ya mji ambao jua likizama kila mtu hufunga komeo.

Isitoshe, kanuni ni ya zamani mno. Juni 1830 Samuel Smith, mdogo wake Joseph, alishika njia peke yake, begani mfuko wenye nakala za Kitabu cha Mormoni, kitabu kitakatifu cha Kanisa hilo. Haukupita mwaka. Februari 1831 Joseph Smith alitoa ufunuo, ambao sasa ni sehemu ya 42 ya Mafundisho na Maagano, kitabu chao kingine kitakatifu, ukiagiza wahubiri waende wawili wawili; sehemu ya 52, ya Juni mwaka huohuo, ikarudia. Mfano ulikuwa tayari kwenye Biblia: Yesu akiwatuma Thenashara wawili wawili katika Marko 6:7, na ile sheria kwamba kila neno lithibitishwe kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Mmisionari ukimuuliza leo, jibu atakalokupa ni hilo, na kwa upande wa Kanisa ndiyo sababu rasmi. Mawaidha ya usalama yapo kwenye miongozo yao pia, lakini si msingi uliowekwa 1831.

Na hili la kuchungana? Halitoki hewani. Mmisionari anayeona mwenzake anavunja kanuni nzito anatakiwa azungumze naye, na ikishindikana amfikishie rais wa misheni. Ongeza kwamba hadi Februari 2019 simu ya nyumbani iliruhusiwa mara mbili tu kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, na wiki nyingine zote ilikuwa barua au barua pepe. Kijana wa miaka 19 aliyetengwa hivyo na kwao, kisha akawekewa mtu wa kumtazama saa 24, hata mimi singemlaumu anayeita hiyo jela ya adabu. Lakini dhana ya uaskari inakwama mahali pamoja. Inaeleza kwa nini wawili, inaweza hata kueleza kwa nini wawili hao hutenganishwa kila baada ya muda, wasije wakazoeana na kufichiana siri. Haielezi kwa nini, wanapotenganishwa, mara nyingi mmoja hubaki palepale alipo.

Hapo ndipo penye utamu wa jambo hili.

Kila wiki sita misheni nzima hupangwa upya. Rais wa misheni, ambaye mara nyingi ana wamisionari zaidi ya mia moja chini yake, hukaa mbele ya ubao wenye picha zao zote, zamani kadi zenye sumaku ukutani na siku hizi skrini, akihamisha sura moja baada ya nyingine. Kisha simu zinaanza kulia. Nyumba moja vijana wawili wamekaa kila mtu kitandani kwake, simu katikati imewekwa sauti ya wazi, na baada ya dakika mbili mmoja wao anaburuta sanduku kutoka uvunguni huku mwingine akitazama tu. Huyu wa kutazama amebaki. Keshokutwa ataletewa mtu mwingine.

Fikiria mtu anavyotembea. Mguu mmoja unakanyaga chini wakati mwingine uko hewani. Ule wa hewani ndio unaokwenda mbele, lakini usingeweza kwenda popote kama wa chini haukubeba uzito wote wa mwili kwa muda huo mfupi. Ukitua, kazi hubadilika: uliokuwa unasafiri sasa unabeba, uliokuwa unabeba sasa unanyanyuka. Hakuna mguu wenye cheo cha kudumu. Anayehama kwa wiki sita hizi atakuwa wa kubaki kwa wiki sita zijazo, au zile zinazofuata, na mwili, yaani kazi ya eneo lile, hausimami hata siku moja. Miguu yote miwili ukiinyanyua pamoja, hapo hutembei tena. Unaruka, na kutua kwako ni bahati.

Mguu unaobaki unabeba nini? Kuna kumbukumbu zilizoandikwa, hilo ni kweli. Kwa miaka mingi kila nyumba ya wamisionari ilikuwa na jalada nene lenye karatasi za kila mtu aliyetembelewa, alichofundishwa na tarehe. Sasa ni programu ya simu. Lakini jalada halijui kila kitu. Halijui kwamba lile lango linaonekana limefungwa mnyororo kumbe umezungushwa tu. Halijui kwamba mzee wa nyumba ya pili akisema "njooni kesho" anamaanisha msije kabisa, ila jirani yake akisema maneno yaleyale huwa amewaandalia na viti. Wala halijui kwamba yule mama atawasikiliza vizuri tu mradi mumewe awe ametangulia kusalimiwa. Hayo hukaa kichwani mwa aliyebaki, na humwingia mgeni wakiwa wanatembea, siku mbili tatu za kwanza, bila mtu kusema kwamba hili ni somo.

Kuruka nako hutokea. Pengine wote wawili wanaondolewa kwa mkupuo na wapya kuletwa mahali pao, kwa mfano jina la waliotangulia limeharibika mtaani. Wapya hao hufika na orodha ya majina lakini bila mtu wa kuwaambia yupi kahama na yupi kafiwa. Waliopitia hali hiyo hueleza wiki zao za kwanza kwa lugha inayofanana: kupotea njia, na kujitambulisha kwa watu wanaodhani walikwisha kujuana.

Utaratibu huohuo ndio unaofundisha lugha na kazi. Mmisionari mpya hupitia kituo cha mafunzo, kikubwa kuliko vyote kikiwa Provo, Utah, ambako lugha zaidi ya 50 hufundishwa, lakini hukaa huko kwa wiki chache tu. Wiki 12 za kwanza uwanjani huwekwa chini ya mwenza anayeitwa mkufunzi. Wiki 12 ni mihamo miwili, yaani vipindi viwili vya zile wiki sita. Zikiisha, mara nyingi mkufunzi ndiye anayefunga sanduku, na yule ambaye juzi alikuwa hajui kuagiza mkate anajikuta yeye ndiye mwenyeji anayempokea mwingine. Nusu mwaka haujapita anaweza kuwa mkufunzi mwenyewe. Ni shirika lenye wamisionari zaidi ya 70,000 duniani, na ujuzi wake mwingi wa mitaani unapokezwa na mtu wa miaka 20 kwa mtu wa miaka 19. Ukilitazama kwa jicho la meneja lingekutia kizunguzungu.

Niweke breki kidogo. Hesabu hii ya miguu ni tafsiri yangu ya namna mihamo inavyokwenda. Kanisa lenyewe hutanguliza maandiko, na marais wa misheni husema huomba mwongozo wa Mungu mbele ya ubao ule kabla ya kugusa picha yoyote. Wala si kila mhamo unaowagusa wote. Wenza wengine hukaa pamoja vipindi viwili au vitatu. Tena wawili waliokaa muda mrefu mahali pamoja si lazima wawe wazuri kuliko wapya. Wengine huchoka na kujua kwao mtaa kunageuka kisingizio cha kutobisha hodi.

Gharama yake huonekana ndani ya nyumba. Ratiba ya kawaida ni kuamka saa 12 na nusu asubuhi, mazoezi ya viungo, kujisomea peke yako, kusoma na mwenza, kisha nje mpaka usiku. Saa 4 na nusu taa zimezimwa. Siku moja ya wiki ni ya maandalizi: kufua, kununua chakula, kuongea na wazazi. Yote hayo na mtu ambaye hukumchagua, ambaye pengine anakoroma, anaacha vyombo kwenye sinki, au hazungumzi lugha uliyozaliwa nayo. Kwa hiyo mpango wao wa wiki una kipengele ambacho ndoa nyingi zingekikimbia: wenza huketi wakaambiana waziwazi nini kinakwenda vizuri kati yao na nini kinamkera nani, halafu kazi inaendelea. Mwenye miezi 24 hupitia vipindi vya wiki sita karibu 17, na wengi humaliza wakiwa wameishi na wenza kumi hivi.

Si ajabu basi kwamba wamejitungia ukoo mzima. Katika misimu yao mkufunzi ni baba, aliyefunzwa ni mwana, na mkufunzi wa mkufunzi ni babu. Wapo wanaoweza kukutajia nasaba hiyo vizazi vitano nyuma. Kumaliza misheni huitwa kufa, na mwenza wako wa mwisho ndiye "aliyekuua". Mgeni akidandia mazungumzo hayo katikati, anaweza kuita polisi.

Kanuni ya wawili ina nafasi zake za kupinda. Idadi ikiwa witiri, watatu huwekwa pamoja. Viongozi wa kanda hubadilishana wenza na wamisionari wengine kwa siku moja hivi, ili waone kazi inavyokwenda. Wazee waliostaafu huenda misheni wakiwa mume na mke, na hao hakuna rais anayewatenganisha kila wiki sita. Halafu kuna wamisionari wa huduma, vijana wanaoishi kwao na kupangiwa kazi za Kanisa au za hisani karibu na nyumbani. Hawa hawana mwenza wa saa 24. Anayeshikilia dhana ya uaskari atasema wazazi wao ndio askari, na hoja hiyo ina uzito wake. Mimi naona pia kwamba hawana eneo geni la kukabidhiana: mtaa wanaufahamu tangu utotoni.