Fidia ya mtoto aliyeumia ubongo: wazazi "wameukata"?

Mahakama ya Uingereza ikimpa mtoto aliyeumia ubongo wakati wa kuzaliwa mamilioni ya pauni, watu husema wazazi wameukata. Hawajaukata. Fidia ya maumivu yenyewe, hata kwa majeraha mabaya kabisa, ni takriban pauni nusu milioni tu. Zilizobaki ni za matunzo: walezi wa zamu usiku na mchana, kiti cha magurudumu kinachobadilishwa kila anapokua, nyumba yenye milango mipana, mshahara ambao hatawahi kuupokea. Gharama ya mwaka huzidishwa kwa kuangalia miaka anayotarajiwa kuishi. Hapo ndipo mabishano hukolea: mawakili wanavutana mtoto atakufa lini, mama yake ameketi palepale.

Kizidisho, yaani namba inayozidishwa na gharama ya mwaka, hurekebishwa kwa faida ambayo pesa zinadhaniwa zitazalisha zikiwekezwa: faida ikidhaniwa kuwa ndogo, fidia huwa kubwa. Mwaka 2017 kiwango hicho cha faida kwa England na Wales kilishushwa kutoka asilimia 2.5 hadi hasi 0.75, fidia zikapanda ghafla, ingawa hakuna mtoto aliyeumia zaidi.

Mahakama yaweza pia kuamuru malipo ya kila mwaka, badala ya kulipa zote kwa mkupuo. Mtoto akifariki, yanakoma.