Kirusi hudumu muda gani juu ya kitasa, na "kudumu" huko ni nini hasa

Tangu Machi 2020 kuna namba moja iliyowakaa watu kichwani: saa 72. Ndiyo muda ambao watafiti wa Marekani waliripoti kwamba virusi vya korona, vikiwekwa juu ya plastiki au chuma kisichoshika kutu, bado vingeweza kuambukiza. Kwenye kadibodi walivikuta hadi saa 24, kwenye shaba saa 4 tu. Namba zikasambaa kama moto wa nyika. Watu wakaacha vifurushi nje ya mlango siku tatu, wakaosha pakiti za vyakula kwa sabuni, wakabonyeza vitufe vya lifti kwa kiwiko.

Namba hazikuwa za uongo. Zilisomwa tu kama tarehe ya kuharibika iliyogongwa kwenye kopo: kabla ya saa 72 kirusi kipo, baada ya hapo hakipo. Virusi havifi namna hiyo.

Tuanze na neno "kuishi", maana ndilo linalotupotosha. Bakteria akidondokea mezani, akapata unyevu na mabaki ya chakula, anaweza kuongezeka pale pale. Kirusi hakiwezi. Ili kizaliane lazima kiingie ndani ya seli hai na kutumia mitambo ya seli hiyo kujitengenezea nakala. Kikiwa juu ya kitasa hakili, hakipumui, hakizai. Kinaharibika tu, na suala lote ni kinaharibika kwa kasi gani. Kwa hiyo mtaalamu akisema kirusi fulani "kinaishi" siku mbili juu ya chuma, anachosema ni kwamba baada ya siku mbili bado kuna chembe zilizobaki nzima kiasi cha kuweza kuingia kwenye seli na kuzaliana humo. Namna ya kulijua hilo ni moja: unachukua sampuli pale juu ya chuma, unaimwaga kwenye seli zilizooteshwa maabara, kisha unasubiri siku kadhaa uone kama seli zitashambuliwa.

Kuharibika kwenyewe huenda kwa nusu nusu. Katika utafiti ule wa 2020, idadi ya virusi vizima kwenye plastiki ilipungua nusu kila baada ya saa 7 hivi, na kwenye chuma kila baada ya saa 5 na nusu hivi. Piga hesabu: ukianza na virusi 1,000 juu ya chuma, baada ya siku moja vimebaki kama 50. Baada ya siku mbili, viwili au vitatu. Sehemu kubwa kabisa ya hatari iko kwenye saa za mwanzo. Mkia mrefu unaofuata ni wa chembe chache mno.

Hesabu hiyo hiyo inaonyesha kwa nini swali "vinadumu saa ngapi" halina jibu moja. Muda hutegemea ulianza na vingapi. Ukiweka juu ya plastiki virusi mara kumi zaidi, umejiongezea kama saa 22 za kuvikuta, ingawa kirusi ni kile kile na plastiki ni ile ile. Hapo ndipo Emanuel Goldman, mtaalamu wa mikrobiolojia katika Chuo Kikuu cha Rutgers, aliposhika bango. Julai 2020 aliandika katika jarida la Lancet Infectious Diseases kwamba majaribio mengi ya maabara yalianza na viwango vikubwa mno, visivyofanana na kinachoachwa na mtu aliyekohoa au kushika reli ya ngazi. Wakati ule wengi waliona anapuuza hatari. Leo ni vigumu kumpinga.

Sasa, virusi vyenyewe havifanani kwa ugumu. Vingine, kama vya korona, vya influenza na vile vya RSV vinavyowasumbua watoto wachanga kifuani, vimefunikwa utando wa mafuta, na vinahitaji utando huo ili vishikane na seli. Vikikauka, vikipata joto au vikigusana na sabuni, utando huharibika na kirusi kinabaki hakina kazi. Ndiyo sababu sabuni ya kawaida kabisa inavimaliza. RSV hudumu kama saa 6 juu ya sehemu ngumu, na pungufu ya hapo mikononi. Influenza ilipimwa mwaka 1982: saa 24 hadi 48 kwenye chuma na plastiki, lakini chini ya saa 12 kwenye nguo na karatasi.

Vingine havina utando huo. Vina ganda la protini tu, na ganda hilo ni gumu. Humo wamo virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuhara kwa ghafla, na virusi vya rota. Hivi hudumu siku nyingi, hata wiki, na baadhi ya dawa zinazovimaliza vile vya kwanza hazivitishi sana.

Mgawanyo huu ni mzuri lakini usiufanye msahafu. Kirusi cha homa ya ini aina ya B kina utando, na bado kinaweza kubaki na nguvu kwa siku 7 au zaidi ndani ya tone la damu lililokauka. Ndiyo maana haifai kuazimana wembe. VVU navyo vina utando, lakini ni dhaifu: damu ikikauka, 90 hadi 99% ya nguvu yake ya kuambukiza hupotea ndani ya saa chache, na havipatikani kwa kushika kitasa wala kukalia choo. Na ukitaka kushangaa kabisa, kirusi cha ndui kilikutwa bado kizima kwenye magamba ya vidonda yaliyokaa miaka 13 ndani ya bahasha, katika joto la kawaida la chumba, huko Uholanzi.

Kingine ni pale kirusi kilipotua. Sehemu ngumu na laini, kama chuma, kioo na plastiki, huvihifadhi zaidi. Karatasi na kitambaa hufyonza ule umajimaji uliovibeba, vikakauka haraka na kunasa kwenye nyuzi. Hata vilivyobaki vizima haviachii kirahisi kuja mkononi. Shaba ni habari nyingine kabisa. Inaachia ayoni, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, zinazoharibu kirusi, na kwenye utafiti wa 2020 virusi vya korona vilipungua nusu juu yake kila baada ya dakika 46 hivi.

Halafu kuna joto na jua, ambavyo nadhani ndivyo vilivyosahauliwa zaidi kwenye majedwali yaliyosambazwa. Oktoba 2020 wanasayansi wa CSIRO, taasisi ya utafiti ya Australia, walitangaza kwamba virusi vya korona vilidumu siku 28 juu ya kioo, chuma na noti. Vichwa vya habari vikapiga kelele. Jaribio lenyewe lilifanywa kwenye nyuzi joto 20 na gizani, kwa makusudi, ili mwanga usiingilie. Walipopandisha joto hadi nyuzi 40, virusi havikumaliza siku mbili. Watafiti wengine, huko Marekani, waliweka virusi hivyo hivyo kwenye mate ya bandia juu ya chuma na kuvimulika kwa mwanga wenye nguvu ya jua la kiangazi: 90% viliharibika kwa takriban dakika 7. Siku 28 na dakika 7, kirusi kimoja, na pande zote mbili zimepima sawasawa. Reli ya ngazi iliyo nje juani na kitufe cha lifti ndani ya jengo lenye kiyoyozi ni mazingira mawili tofauti kabisa.

Kuna aina nyingine ya namba inayotisha bila sababu, ile inayotokana na kipimo cha vinasaba. Meli ya kitalii ya Diamond Princess ilikuwa na mlipuko mkubwa wa korona mwanzoni mwa 2020, ikiwa imetia nanga Yokohama, Japani. Vyumba vyake vilipopimwa kabla ya kunyunyiziwa dawa, mabaki ya vinasaba vya kirusi yalionekana hadi siku 17 baada ya abiria kuondoka. Mitandaoni ikawa "korona inaishi siku 17". Lakini kipimo cha namna hii hukuambia kirusi kilipita hapo. Hakikuambii kama bado kina nguvu. Kukuta manyoya uani si kumkuta kuku. Ukisoma mahali kwamba kirusi fulani "kilikutwa" juu ya kitu, uliza kwanza kilikutwaje: kwenye seli hai, au kwa vinasaba peke yake?

Tuseme sasa kirusi kizima kipo kweli juu ya chuma cha kushikilia kwenye basi. Bado safari ni ndefu. Lazima kihamie kidoleni, na si vyote vinavyohama. Lazima kistahimili ngozi. Utafiti ule wa influenza wa 1982 uliona virusi vikipotea mikononi ndani ya kama dakika 5. Kisha kidole kifike puani, machoni au mdomoni kabla ya muda huo. Hiyo hatua ya mwisho, kwa kweli, hatujinyimi: wanafunzi wa udaktari waliorekodiwa kwa video nchini Australia walijishika uso mara 23 kwa saa kwa wastani, na hao ndio wanaofundishwa wasifanye hivyo.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote kwenye somo hili lilichapishwa mwaka 1987 na Elliot Dick na wenzake wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Waliwakalisha wanaume wenye mafua meza moja na wazima, wacheze karata kwa saa 12. Baadhi ya wazima walivalishwa vizuizi vya mikono ili wasiweze kujigusa uso. Wakaambukizwa karibu sawa na waliokuwa huru. Kisha karata zile zile, zilizokwisha kulowa makamasi, zikapelekwa chumba kingine kwa watu wasio na mafua peke yao, wakaambiwa wacheze na wajishike pua na macho kwa bidii. Hakuna hata mmoja aliyepata mafua. Watafiti wengine, hasa wa Chuo Kikuu cha Virginia huko Marekani, waliwahi kuonyesha kwamba mafua yanaweza kupita kwa mikono, kwa hiyo mjadala haukuishia hapo. Ila ukiutafakari mjadala huo, unaona kwamba kwa magonjwa ya njia ya hewa, kitasa kinalaumiwa kuliko aliyesimama karibu nawe anakohoa. Kwa korona, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, kilikadiria Aprili 2021 kwamba uwezekano wa kuambukizwa kila unapogusa sehemu yenye virusi kwa ujumla ni chini ya 1 kati ya 10,000.

Kwa virusi vya noro, kila nilichosema kinageuka. Chembe pungufu ya 100 zinatosha kukulaza, na mgonjwa mmoja hutoa mabilioni. Mwaka 2010, timu ya wasichana wa soka kutoka Oregon ilisafiri kwenda mashindanoni. Mmoja akaugua usiku, akatapika na kuhara kwenye bafu la hoteli. Humo bafuni kulikuwa na mfuko wa vitafunio. Yeye hakuugusa, virusi vilirushwa hewani, vikatua juu yake. Yule msichana akarudishwa nyumbani, wenzake wakapitishiana ule mfuko na vilivyomo, na baadhi yao wakaanza kuugua. Kirusi kilikutwa juu ya mfuko wiki mbili baadaye. Hapa uso wa kitu ndio njia yenyewe ya ugonjwa.

Kwa hiyo usafishaji hufuata kirusi unachokishuku. Kwa mafua na korona, kunawa mikono na kupangusa kwa sabuni, au dawa yenye alkoholi ya 70%, kunatosha. Kwa noro, vitakasa mikono vya alkoholi havina uhakika. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na mahali palipotapikiwa panahitaji klorini ya 0.1% hadi 0.5%. Uchafu uondolewe kwanza, kwa sababu matapishi na kinyesi huimaliza nguvu klorini kabla haijafika kwenye kirusi. Kisha eneo libaki limelowa angalau dakika 5. Anayenyunyiza na kukausha papo hapo amepunguza uchafu, lakini dawa hakuipa nafasi ya kufanya kazi. Na klorini isichanganywe na siki, amonia wala dawa nyingine ya choo. Gesi inayotoka huumiza mapafu.