Hati umekagua, nyumba yenyewe je?

Kila mwaka ikifika mwezi wa nne simu zangu zinabadilika. Desemba na Januari napigiwa na watu wanaotaka kujenga, masika ikishika vizuri wanaanza wale walionunua. "Injinia, ukuta wa nyuma unatoa jasho." "Injinia, mlango wa chumba cha watoto haufungi tena, wiki iliyopita ulikuwa unafunga." Na karibu wote ukiwauliza mlinunua lini wanakwambia Desemba, tulipokuja kula sikukuu.

Hapo ndo shida inapoanzia. Desemba kila mtu yuko nyumbani, ukoo uko kamili, muuzaji yupo, mnunuzi yuko likizo na hela anayo, mvua za vuli zimekata au zinakaribia kukata, nyumba imepigwa rangi mpya, jua linawaka, migomba iko kijani, mnakaa nje mnakunywa chai mnakubaliana bei. Nyumba imekauka kabisa siku hiyo. Nyumba ya mlimani ukiiona juani tu bado hujaiona, maana hizi nyumba zetu za zamani kinachoziua ni maji, na maji yenyewe yanakuja Machi mpaka Mei.

Mimi ni mhandisi wa majengo, nafanya kazi kati ya Moshi na Arusha, na sehemu kubwa ya kazi yangu siku hizi ni kukagua nyumba za zamani za vijijini kabla mtu hajanunua: Kibosho, Uru, Old Moshi, Marangu, na upande wa Meru huko Tengeru, Nkoaranga, Usa River. Kuna nyumba za mawe zilizojengwa kwa hela ya kahawa miaka ya 1950, kuna nyumba za walowezi mashambani, kuna za tofali za kuchoma za miaka ya 1970. Nyingi ni nyumba nzuri kweli, kuta nene, dari iko juu, mchana ndani baridi. Nazipenda na sitaki mtu aziogope, nataka tu mtu ajue ananunua nini.

Sasa nikimuuliza mteja umefanya sarvei ananijibu haraka haraka ndiyo, bikoni zote nne zipo. Hiyo ni kupima kiwanja. Mwingine ananionyesha ripoti ya mthamini aliyetumwa na benki, lakini mthamini kazi yake ni kusema nyumba ina thamani ya shilingi ngapi ili benki ijue ikikopesha hela yake iko salama, si kazi yake kupanda darini na kuchokoa mbao. Mwanasheria kasoma hati, mwenyekiti wa kijiji kagonga muhuri, ukoo umekubali, mke wa muuzaji kasaini, yote hayo ni sahihi na usiruke hata moja, ila hapo umekagua karatasi. Nyumba yenyewe umeizunguka dakika kumi ukisifia veranda.

Naanza na mama mmoja, muuguzi mstaafu, alinunua nyumba Machame kwa kiinua mgongo chake chote. Paa jekundu, jipya, na hilo paa ndo lililomshawishi, aliniambia hivyo mwenyewe. Aliniita baada ya kununua kwa sababu dari ya sebule ilianza kushuka katikati. Nikapanda na tochi. Bati kweli ni jipya, misumari inang'aa, ila kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba bati, ni zile zile za zamani, muuzaji alibadilisha bati tu akapigilia juu ya mbao zilizochoka. Pale kenchi inapokaa juu ya ukuta, mahali ambapo bati la zamani lilikuwa linavuja, nilichomeka bisibisi ya kawaida ikaingia mpaka kwenye mpini bila kutumia nguvu, nikaichomoa ikatoka na unga. Mchwa walishakula ndani wakabakiza ganda la nje, na hilo ganda ndo lilikuwa linabeba paa zima. Alilia, na mimi nilikosa la kumwambia, maana kazi iliyobaki ilikuwa kupaua upya na hela ilikuwa imeisha. Bisibisi ile ile ingeingia kabla hajalipa hata senti.

Kwa hiyo paa jipya lisikutulize. Uliza kenchi ni za lini, mbao zilipigwa dawa au la, na ukiwa darini zima tochi kwanza ukae kimya kidogo, ukiona mwanga unapenya kama nyota hapo bati lina matundu. Angalia pia rangi ya mbao, michirizi myeusi ni njia ya maji hata kama leo pamekauka.

Ukaguzi wa kina unachukua kutwa, sio nusu saa. Nakuja na ngazi, timazi ya kuona kama ukuta umesimama wima, pima maji ya kuona kama kitu kimelala sawa, nyundo ndogo, bisibisi, tochi, kipimo cha unyevu na gololi, na sianzii ndani, naanzia juu ya kiwanja. Yaani napanda mpaka kwa jirani wa juu nione maji yanatoka wapi yakinyesha. Kwetu huku kuna mifongo, ile mifereji ya wazee ya kuleta maji kutoka mtoni mpaka shambani, na mfongo ukipita hatua chache juu ya nyumba na kingo zake zimechoka unanyonyesha msingi maji mwaka mzima, hata kiangazi. Nimeshaona nyumba Uru ukuta wa upande wa mlimani una unyevu mpaka usawa wa dirisha, watu wamepaka rangi mara tatu inabanduka tu, na dawa ilikuwa kuhamisha mfongo na kuchimba mtaro wa mawe nyuma ya nyumba. Angalia na makorongo, na kama kuna mto karibu pima umbali, Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto, sasa kuna nyumba za zamani zimekaa humo humo na mnunuzi anapanga kuongeza vyumba viwili upande wa mtoni.

Alafu ndo msingi na kuta. Hapa lazima ujue nyumba imejengwa enzi gani. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilianza uzalishaji 1966, kabla ya hapo saruji ilikuwa inatoka nje ya nchi, kwa hiyo nyumba nyingi za zamani kijijini mawe yake yameshikwa na udongo au chokaa, na ile saruji unayoiona imepakwa nje baadaye. Ukuta wa udongo na chokaa unahema, unanyonya unyevu na kuutoa. Ukija kuupiga plasta ngumu ya saruji nje na ndani unaufunga pumzi, maji yaliyopanda kutoka chini yanakosa pa kutokea, yanakaa katikati na kulainisha udongo ulioshika mawe. Kwa macho ukuta unaonekana imara. Ndo maana nagonga plasta na nyundo mita kwa mita, ikilia kama debe tupu hapo imeshaachana na ukuta, na nikipata muda na ruhusa ya mwenye nyumba natoboa sehemu ndogo nione kilichopo nyuma.

Nyufa watu wanaziogopa vibaya, wanaogopa zisizo na shida na kuzipita zenye shida. Nyufa nyembamba kama nywele kwenye plasta karibu kila nyumba inazo. Ninaposimama ni kwenye ufa wa ngazi, ule unaoshuka kwa kufuata viungo vya tofali, au ufa unaoingiza penseli, au ufa ambao juu ni mpana na chini mwembamba, huo unakwambia kona ya nyumba inashuka na kuondoka na wenzake hawajui. Nyumba nyingi za zamani hazina lenta, ule mkanda wa zege, ya kuzunguka kuta zote, kuna vipande tu juu ya milango na madirisha, kwa hiyo kona za madirisha ndo zinapasuka kwanza.

Ila ufa una umri, na umri ndo muhimu. Nyumba za Arusha nyingi utaambiwa "huu ni wa tetemeko," na inawezekana ni kweli, Julai 2007 ardhi ilitikisika siku nyingi mfululizo kutoka upande wa Gelai na Ziwa Natron, la tarehe 17 lilikuwa na ukubwa wa 5.9, na mwaka huo huo Oldoinyo Lengai ukalipuka, waliokuwepo Arusha wanakumbuka walivyokuwa wanakimbilia nje. Sasa ufa wa 2007 ukiumulika kwa karibu utakuta kingo zake zimelainika, ndani kuna vumbi, utando wa buibui, na rangi ya zamani imeingia mle. Ufa wa juzi kingo zake ni kali na safi, tofali ndani lina rangi yake halisi. Ukiambiwa ni wa tetemeko na ndani ni safi kama umekatwa jana, hiyo nyumba bado inatembea. Nikiwa na shaka nabandika kipande cha kioo chembamba juu ya ufa kwa saruji, naandika tarehe kwa penseli pembeni, kioo kikipasuka tumepata jibu.

Ukishuka huku chini ya mji, Mabogini, Chekereni, kuelekea Kahe, hesabu inabadilika, kuna maeneo ya udongo mweusi ule unaopasuka kiangazi mpaka mguu unaingia na masika unavimba. Huko nyumba inanyanyuliwa na kushushwa kila mwaka. Usinunue nyumba ya huko bila kuchimba shimo pembeni ya msingi uone umeshuka kina gani.

Hilo la gololi nilielezee kidogo. Naiweka katikati ya chumba na kuiachia. Kuna nyumba Old Moshi ilikuwa safi, kuta ziko sawa na timazi, paa zima, mteja ameshatoa kishika uchumba tayari, nikaweka gololi kwenye chumba cha wageni kilichoongezwa nyuma, ikatambaa taratibu mpaka kona ya mwisho. Nikairudisha, ikaenda kona ile ile. Hakuna ufa, sakafu imewekewa vigae vipya. Nikatoka nikaenda kwa bibi jirani, nikamwamkia shikamoo, akanikaribisha kigoda, tukaongea habari za kahawa na mvua, alafu nikamuuliza pale nyuma zamani palikuwa na nini. Akaniambia, "Mwanangu, pale si ndo palikuwa na choo cha marehemu, walikifukia alipojenga cha ndani." Shimo la choo refu limefukiwa kwa takataka na udongo, limebonyea miaka yote, na chumba cha wageni kimekaa juu yake. Hakuna kipimo changu ambacho kingeniambia kile bibi alichoniambia. Viwanja vya zamani vina mashimo mengi hivyo, ya choo, ya taka, ya kuchimba udongo wa tofali, kwa hiyo kuongea na wazee wa jirani naihesabu kama sehemu ya ukaguzi, naiandika kwenye ripoti kabisa.

Mengine nayapitia haraka hapa ingawa kwenye ripoti yana kurasa zake. Nyaya za umeme za zamani zenye ngozi ya mpira zikizeeka mpira unamung'unyika ukishika tu, badilisha zote, usizibembeleze. Paa la asbesto, zile shiti za kijivu zinazofanana na saruji, usikubali fundi alikate, alitoboe au alisugue, nyuzi zake zikiingia kwenye mapafu ni hatari, kulitoa kunahitaji watu wanaojua kazi hiyo. Na upande wa Meru kama nyumba ina kisima chake peleka maji maabara yapimwe floridi, Shirika la Afya Duniani linataka isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na huku kuna vyanzo vinavyopita hapo mbali sana, meno ya kahawia ya watu waliokulia maeneo ya Maji ya Chai yanajieleza.

Ripoti ukishaipata usome yote, sio ukurasa wa mwisho tu. Ripoti nzuri inakuonyesha picha, inakwambia lipi ni la kufanya kabla hujahamia, lipi linaweza kusubiri miaka, na makadirio ya gharama. Nyumba ya Old Moshi mteja hakuiacha, tulikaa na familia ya muuzaji, nikawaonyesha gololi wenyewe, wakakubali kushusha bei kwa kiasi cha kuvunja kile chumba na kujaza shimo kwa mawe, mambo yakaisha kwa amani kabisa. Ukimtafuta wa kukukagulia hakikisha amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, mwombe namba yake ya usajili uihakiki, na asiwe ametafutwa na muuzaji wala dalali. Fundi mzuri wa kijijini mchukue pia aambatane naye, anajua mawe ya kwao.

Na kama mnakubaliana bei Desemba, lipeni kishika uchumba, muandikishiane, alafu muombe malipo ya mwisho yasubiri mpaka masika ipite. Wauzaji wengine watakataa, lakini wengi wanaouza nyumba ya wazazi wao na wanajua iko vizuri wanakubali. Sasa hivi nina nyumba moja Kibosho iko kwenye mpango huo, kioo nimebandika juu ya dirisha la jikoni tarehe 3 Januari. Mvua imeshanyesha wiki mbili mfululizo, jana mwenye nyumba kanitumia picha, bado kizima, na mwisho wa Mei napanda mwenyewe kukiangalia.