Bikoni si ramani ya dhahabu ya Mjerumani

Malalamiko kuhusu watu wanaochimba usiku kwenye makaburi na magofu ya enzi za Mjerumani hapa Tabora yanazidi kutufikia. Wakihojiwa, hadithi ni ileile: Mjerumani alipokimbia alifukia dhahabu, akaweka alama ili wajukuu zake waje kuichukua.

Hadithi hiyo haifi kwa sababu ina chembe ya ukweli. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefunga njia za kuleta fedha kutoka Ulaya, Wajerumani walitengeneza hapahapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15, zenye picha ya tembo na herufi T, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Septemba mwaka huohuo, jeshi la Wabelgiji kutoka Kongo likauteka mji. Watu wakajumlisha wenyewe: dhahabu ilikuwepo, mwenyewe kaondoka mbiombio, basi iko chini. Lakini sarafu hutengenezwa ili itumike, na anayerudi nyuma na jeshi lake haachi fedha anayoweza kuibeba.

Kuhusu alama, tuelewane. Zege dogo lenye chuma katikati ni bikoni ya wapima ardhi. Msalaba juu ya kaburi maana yake kuna maiti. Basi.

Mjerumani amebaki vichwani mwetu kama tajiri aliyesahau sanduku. Mtemi Isike wa Unyanyembe, utawala wa Wanyamwezi hapahapa Tabora, aliyejilipua kwa baruti Januari 1893 asikamatwe na Wajerumani, wachimbaji hawamtaji, wala wapagazi waliokufa kwa njaa na maradhi wakibeba mizigo ya majeshi ya pande zote.

Sasa sheria. Chini ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, kuchimba kutafuta mabaki ya kale kunahitaji leseni ya Mkurugenzi wa Mambo ya Kale. Barua ya mwenyekiti wa kijiji si leseni, hata ikiwa na muhuri. Ruhusa ya mwenye shamba si leseni. Leseni ya madini nayo haikupi haki ya kufukua kaburi. Hilo ni kosa la jinai chini ya Kanuni ya Adhabu, na kutopata kitu si utetezi.

Ukikuta kitu cha kale unapolima, usikisugue kwa mchanga wala kukikwangua kuona kama kinang'aa. Kiache palepale, mwarifu mtendaji wa kijiji au ofisa utamaduni wa halmashauri. Na yule mwenye mashine ya kupimia anayetaka kwanza mchango wa kafara, huyo mpelekeni polisi.