Soma sentensi mpaka mwisho: dhana potofu kuhusu ardhi ya nakala katika vijiji vya Uingereza

Ardhi ya nakala (kwa Kiingereza copyhold) ni ardhi iliyoshikwa chini ya bwana wa manori, na manori ni milki ya ardhi ya bwana mmoja yenye mahakama yake. Anayefungua magombo, yaani kumbukumbu zilizoandikwa, ya mahakama ya manori kwa mara ya kwanza, awe anafuatilia ukoo au anaandika tasnifu ya sheria ya ardhi, hukutana na maneno ya Kilatini ad voluntatem domini, yaani "kwa mapenzi ya bwana". Papo hapo anaandika hitimisho: mkulima huyu alikuwa mpangaji tu, na bwana angeweza kumtimua siku yoyote. Kosa hili limekaririwa mno, hata na wenye shahada zao, na chanzo chake ni kutomaliza sentensi.

Sentensi nzima ni ad voluntatem domini secundum consuetudinem manerii: kwa mapenzi ya bwana, kwa kufuata mila ya manori. Nusu ya pili ndiyo iliyokuwa sheria. Nusu ya kwanza ni masalia ya enzi ambapo ardhi hii ililimwa na watu wasio huru, waliomfanyia bwana kazi za shamba na wasio na mahakama ya mfalme ya kukimbilia. Tauni ya 1348 hadi 1349 ilipopukutisha watu, utumwa huo wa ardhi ulianza kulegea, kazi zikageuzwa kodi ya fedha, ila msemo ukabaki kwenye kalamu ya karani. Katika karne ya 15 mahakama ya Chansela, waziri mkuu wa sheria wa mfalme, ilikuwa tayari ikisikiliza malalamiko ya wenye nakala, yaani walioshika ardhi hiyo, na kufikia mwisho wa karne ya 16 hata mahakama za mfalme za sheria ya kawaida (common law) zilimlinda mwenye nakala dhidi ya bwana wake mwenyewe. Mila ikisema ardhi hurithiwa, ilirithiwa. Msimamizi wa manori, afisa wa bwana aliyeendesha mahakama, alipompokea mrithi, yaani kumwandikisha kuwa mwenye ardhi, alikuwa anatimiza wajibu, hakuwa anamfanyia mtu hisani.

Unyonge ulikuwa wa ardhi, wala si wa mtu. Mfanyabiashara wa London angeweza kushika eka kumi za nakala, na bwana wa manori moja akawa mwenye nakala katika manori ya jirani.

Je, ardhi ingeweza kupotea? Ndiyo, na hapo ndipo pa kutazama. Kukata miti mikubwa ya mbao bila haki, kuacha nyumba ianguke, kupangisha kwa zaidi ya mwaka mmoja bila kibali cha bwana, au kukataa kodi na huduma: mambo hayo yangeweza kumpokonya mtu ardhi. Vilevile, katika kaunti za magharibi nakala nyingi zilitolewa kwa maisha ya watu, mara nyingi watatu waliotajwa kwa majina. Akifa wa mwisho, ardhi ilirudi kwa bwana. Kwa hiyo kabla hujaandika lolote kuhusu usalama wa mkulima, uliza kwanza: hii ni nakala ya kurithiwa au ya maisha?

Dhana: "aliisalimisha ardhi kwa bwana", basi alinyang'anywa

Hapana. Alikuwa anauza. Mwenye nakala hakuweza kumwandikia mnunuzi hati moja kwa moja, kwa sababu kisheria ardhi ilikuwa ya bwana. Njia ilikuwa ya hatua mbili. Muuzaji alifika mbele ya msimamizi, akashika ncha ya fimbo na kuirudisha ardhi mikononi mwa bwana, ad opus et usum, yaani kwa faida na matumizi ya fulani. Kisha huyo fulani alisogea, akashikishwa fimbo ileile, akapokewa kuwa mwenye ardhi, akalipa ada na kuapa uaminifu. Karani aliandika yote kwenye gombo, na mnunuzi akaondoka na nakala ya maandishi hayo. Nakala hiyo ndiyo hatimiliki yake, na ndiyo iliyompa jina la "mwenye nakala". Muuzaji akiwa mwanamke aliyeolewa, msimamizi alimhoji faraghani, mbali na mumewe, ahakikishe hajalazimishwa. Maandishi ya mahojiano hayo yakikosekana, shuku uhalali wa mauzo.

Mtego mkubwa uko kati ya hatua hizo mbili. Mpaka mnunuzi apokewe, muuzaji bado ndiye mwenye ardhi kwenye gombo. Mila nyingi ziliruhusu kurudisha nje ya mahakama, mbele ya wenye nakala wawili kwa mfano, lakini jambo hilo lilipaswa kutangazwa mahakamani ndani ya muda uliowekwa na mila, la sivyo lilibatilika. Ukiona tarehe mbili, usidhani karani amekosea.

Tazama pia kama kuna sharti. Maneno sub condicione, yakifuatwa na kiasi cha fedha na siku ya kulipa, yanaonyesha rehani. Mkopeshaji kwa kawaida hakupokewa kabisa, ili asilipe ada, na deni likiisha iliandikwa kwamba limelipwa. Wapo walioandika kwamba familia iliuza shamba mara tatu, kumbe ilikopa mara tatu na kulipa mara tatu.

Dhana: finis ni faini

Hili linatusumbua zaidi sisi wasemaji wa Kiswahili, kwa kuwa neno letu "faini" limetoka kwenye neno lilelile. Katika gombo, finis ni ada ya kupokewa, na aliyelipa hana kosa lolote. Adhabu huitwa misericordia. Kwenye baadhi ya manori ada ilikuwa kiasi maalumu kisichobadilika. Kwingine bwana alipanga, lakini majaji walimwekea kikomo: kwa kawaida isizidi thamani ya ardhi hiyo ya miaka miwili. Herioti nayo si adhabu. Ni mnyama bora wa marehemu, aliyechukuliwa na bwana mwenye ardhi alipofariki, na baadaye mara nyingi ikalipwa kwa fedha.

Dhana: mtoto wa kwanza wa kiume hurithi yote

Inategemea manori. Sehemu nyingi za Sussex mtoto wa mwisho wa kiume ndiye aliyerithi. Huko Taunton Deane, Somerset, mjane alimtangulia mtoto. Kwingine mjane alishika theluthi, nusu au ardhi yote maadamu hajaolewa tena. Usikisie, tafuta kumbukumbu ya mila ya manori husika.

Dhana: manori ni kijiji

Kijiji kimoja kingeweza kuwa na manori tatu, na manori moja ikatapakaa parokia nne. Ukikosa jina la babu yako kwenye gombo la kijiji chake, huenda unasoma gombo la manori nyingine.

Dhana: mambo haya yaliisha Zama za Kati

Ardhi ya nakala ilifutwa tarehe 1 Januari 1926, kwa sheria iliyopitishwa mwaka 1922. Magombo ya Wakefield, Yorkshire, yanaanzia 1274 na kufika 1925. Kilatini chenyewe kiliondolewa mwaka 1733, kwa hiyo asiyekijua ana karibu miaka mia mbili ya maandishi ya Kiingereza ya kuanzia.

Anza na maandishi hayo ya mwisho, kisha rudi nyuma. Kumbukumbu ya kupokewa mara nyingi hutaja siku ambayo mwenye ardhi aliyetangulia alipokewa; ukiifuata tarehe hiyo inakupeleka kwenye nyingine. Pitisha jicho ukingoni mwa gombo kwanza, maana huko ndiko karani alikoandika ada na herioti. Na kwa tarehe za kati ya Januari na 24 Machi kabla ya 1752, andika miaka yote miwili, wa kwao na wa kwetu, kwa sababu mwaka wao ulianza tarehe 25 Machi.